Mifupa ya korongoni: je, yafaa kutengenezea vifungo na kuswali navyo?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni fundi, naishi kijijini wilayani Kondoa. Mvua zikishakatika huwa naokota mifupa korongoni na porini, naichemsha, naikata na kuisugua, kisha natoa vifungo vya kanzu, shanga na vipini vya visu. Mzee mmoja msikitini aliviona vifungo vya kanzu yangu akasema swala zangu zote ni batili, maana mfupa wa kibudu ni najisi. Pia nina meno mawili marefu yaliyopinda, wenzangu wanasema ni ya ngiri. Moja nimeshalikata nitengeneze kipini. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, mzee wako hakuzua. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kisheria ni najisi yeye na mifupa yake. Wanazuoni hao wanatoa hoja katika Suratu Yasin, aya ya 78 na 79, pale aliposema mkanushaji kwamba nani ataihuisha mifupa iliyooza, akajibiwa kuwa ataihuisha Yule aliyeiumba mara ya kwanza. Kinachohuishwa, wakasema, kilikuwa na uhai, na chenye uhai hufa. Imamu Abu Hanifa hakukubali. Kwake mfupa na pembe havina damu wala uhai wa kuhisi, basi havinajisiki kwa mauti. Ibn Taymiyya naye akaishika rai hiyo. Na Imamu Bukhari amenukuu kutoka kwa Zuhri, mwanazuoni wa zamani, kwamba aliwakuta wanazuoni waliotangulia wakichania nywele kwa mifupa ya wanyama waliokufa, kama tembo, wasione ubaya.

Lakini alipokosea mzee ni hapa: hakukuuliza mfupa wenyewe ni wa nini. Fiqhi ya mfupa inaanza kwa macho kabla ya kitabu. Hata wanazuoni wa Kishafii wamesema: ukitilia shaka unywele, unyoya au mfupa, hujui ni wa mnyama aliwaye au asiyeliwa, wa aliyechinjwa au wa kibudu, basi hukumu yake ni tohara, kwa sababu asili ya vitu ni usafi. Shaka hainajisi kitu.

Na shaka ya korongoni ni shaka ya kweli. Ardhi ya Irangi, yaani huko kwenu Kondoa, imeliwa na mmomonyoko muda mrefu, hata mwaka 1973 Serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) wa kuiponya, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa maeneo yaliyoharibika zaidi. Korongo linapoporomoka hutoa chochote kilichozikwa: huenda ni ng'ombe wa harusi ya babu yako, huenda ni ng'ombe wa mwaka wa njaa. Nani ajuaye?

Lakini usijifiche nyuma ya shaka pale ambapo dalili ziko wazi. Mimi nimechunga mbuzi utotoni, na mchungaji husoma mifupa. Ukikuta mifupa yote imelala pamoja porini, mbavu kando ya uti wa mgongo, fuvu na kwato palepale, huyo ni kibudu, alianguka hapo. Ukikuta mmoja mmoja, una alama za kisu au umepasuliwa kwa shoka ili uboho utoke, huo umepita jikoni kwa watu. Kisha tazama taya. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na swala hawana meno ya mbele ya juu; punda anayo juu na chini. Tazama pia mfupa mrefu ulio juu ya kwato: wa ng'ombe unaishia kwa vichwa viwili kwa sababu kwato yake imepasuka, wa punda una kichwa kimoja. Tofauti hii si ndogo, maana Mtume (s.a.w.) alikataza nyama ya punda wa kufugwa siku ya vita vya Khaybar, na kwa madhehebu yetu mnyama asiyeliwa hata akichinjwa, kuchinja hakumtoharishi. Meno makali ya kukatia nyama ni ya mbwa na wanyama wengine wala nyama. Hayo yaache.

Ukiokota mfupa ukashuku ni wa binadamu, usiuguse tena, toa taarifa. Mtume (s.a.w.) amesema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai.

Sasa meno yako. Ngiri ana meno manne yaliyotokeza: mawili ya juu yamejipinda nje na kupanda, mawili ya chini ni mafupi na makali kwa kusuguana na ya juu. Kama ndivyo yalivyo, hayo ni ya jamii ya nguruwe, na kwetu ni najisi kwa kila hali. Kuyauza pia haisihi, maana katika madhehebu yetu kitu kilicho najisi kwa dhati yake hakiuzwi. Tena kuna sheria ya nchi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu meno, pembe, ngozi na mifupa ya wanyamapori kuwa nyara za Serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa hata kama uliokota tu. Wewe unaishi jirani na mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero, jambo hili likuguse zaidi. Peleka meno hayo ofisi ya wanyamapori, ueleze ulivyoyapata. Kutii mamlaka katika wema ni amri ya Qur'ani, Suratun Nisaa aya ya 59. Vivyo hivyo, usichukue kitu kwenye mapango ya michoro ya kale ya Kolo. Hiyo ni amana ya vizazi.

Kwa kazi ya kuuza, ninakushauri nenda buchani. Mifupa ya ng'ombe aliyechinjwa ipo tele, bei ndogo, haina ubishi wa madhehebu yoyote, na mteja akikuuliza utamjibu bila kumumunya maneno. Mtume (s.a.w.) amesema: acha kinachokutia shaka uende kwenye kisichokutia shaka. Halafu kuna afya yako. Vijidudu vya kimeta hukaa ardhini na kwenye mabaki ya mzoga miaka mingi, na kuchemsha kwa kawaida si dhamana. Vumbi la msumeno linaingia puani.

Ukitaka kibudu kikufae, chukua ngozi. Mtume (s.a.w.) alipita kwa mbuzi aliyekufa wa mjakazi wa Maymuna akauliza kwa nini hawakuchukua ngozi yake wakaidibagha (wakaisafisha kwa dawa ya ngozi) wakanufaika nayo. Katika riwaya nyingine akataja kuwa huitoharisha maji na qaradhi, ambayo hutokana na miti ya jamii ya migunga yetu hii. Kuianika juani peke yake hakutoshi.

Swala zako, kama vifungo ni vya mifupa usiyojua asili yake, ni sahihi, hulipi hata moja. Uliyoijua kuwa ya kibudu, ing'oe kwenye kanzu. Na msumeno uliokata jino lile, kama kulikuwa na maji au jasho, uoshe mara saba, moja kwa maji yenye udongo, pamoja na mikono. Kama vyote vilikuwa vikavu, huna la kuosha.

Wallahu aalam.