Magodauni ya kando ya maji: anza kuchora kutoka chini

Nimechora ramani za majengo Mombasa kwa miaka kumi na tisa, na kazi iliyonifunza kuliko zote ni kiwanja cha magodauni upande wa Shimanzi, eka mbili na ushei, ukuta wa nyuma ukitazama maji. Mwenyewe alitaka maduka, ofisi na nyumba za kupangisha, vyote mahali pamoja. Reli mpya ya SGR ilianza mwaka 2017, makontena mengi yakawa yanapelekwa moja kwa moja Nairobi, na magodauni aliyozoea kuwakodisha watu wa mizigo yakabaki matupu. Vijana wanaomaliza chuo huniuliza sana kuhusu miradi ya aina hii. Huwa nawaambia: anzeni chini. Ghorofa ya sita, pamoja na upepo wake na mandhari yake, haitawasumbua.

Chini kabisa ni udongo, na hapo mimi nilichelewa. Tulikuwa tumeshachora bustani ya watoto kabla hatujachimba shimo hata moja. Kibarua aliyekuja kuchimba mashimo ya majaribio alitoa udongo mweusi unaonuka dizeli. Kumbe pembe ile ilikuwa gereji ya malori kwa miaka mingi. Bustani ikahamishwa, udongo ukazolewa, na gharama yake haikuwa kwenye bajeti. Hilo lilinikera, maana Mombasa hatuna udhuru wa kutojua. Kule mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwatia wakazi sumu ya madini ya risasi. Kilifungwa mwaka 2014 baada ya mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake kupigania haki yao, na mwaka uliofuata Omido akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Lakini kufunga lango hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia ardhini.

Kwa hivyo, kabla ya kununua karatasi, tafuta wazee waliofanya kazi pale na uwaulize ndani mlikuwa na nini. Godauni la kahawa si sawa na la mbolea, na la mbolea si sawa na la betri. Kisha peleka udongo maabara. Paa likiwa la asbesto, usimpandishe kibarua na nyundo hata kama mwenye mali ana haraka. Wako watu wenye leseni ya kazi hiyo, na NEMA, mamlaka ya mazingira, watakuuliza.

Baada ya udongo ni maji. Nilikuwa nikiitegemea ramani ya mpimaji, iliyokuwa na mstari mmoja wa buluu. Siku moja mzee mvuvi, aliyekuwa akishona wavu chini ya mkungu, aliniita.

"Mwanangu, huo mstari wako ni wa maji gani?"

Nikamjibu ni ya kujaa.

"Ya mwezi gani?"

Sikuwa na jawabu.

"Basi njoo bamvua la Machi, uje na viatu unavyoweza kuvivua."

Nilikwenda. Bandarini Kilindini, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na mabamvua ya Machi na Septemba kwa kawaida ndiyo makubwa. Siku ile maji yaliuvuka mstari wa buluu hatua saba, yakafika mlango wa godauni la pili. Nikagongomea msumari ukutani pale yalipokoma. Sakafu zote za upande ule tuliziinua sentimita 90 juu ya msumari huo, na nyaya za umeme zikapita juu zaidi.

Jambo jingine alilonionyesha mzee yule ni mtaro. Mitaro mingi ya kisiwani humwaga maji ya mvua baharini. Bahari ikijaa, mdomo wa mtaro huzibwa, na mvua ya Mei ikikutana na bamvua, maji hurudi barabarani na kuingia madukani. Mtaro mpana peke yake hautibu. Unahitaji mahali pa kuyaweka maji ya mvua kwa saa chache hadi bahari ipwe, na mlango kwenye mdomo wa mtaro unaofunguka upande mmoja tu. Sisi tulichimba bonde la nyasi katikati ya kiwanja, na siku za kiangazi watoto hulichezea mpira.

Mwenyewe alitaka ukuta hadi majini. Nilimkatalia, na tulizozana wiki nzima. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na kupwa ni ya umma. Hata kisingesema, wavuvi walipita pale kabla ya godauni la kwanza kujengwa. Tuliacha njia ya mita 4 kutoka barabarani hadi ufukweni, bila geti. Naamini ndiyo mita 4 bora katika ramani yote.

Sasa ghorofa ya chini. Nilichora maduka sita makubwa yenye vioo virefu. Mama mmoja aliyekuwa akiwauzia madereva mahamri na viazi karai aliitazama picha, akaniuliza, "Mwanangu, hapo kwenye vioo jiko nitaliweka wapi?" Nikamwambia, "Mama, nionyeshe unachotaka." Akapiga hatua tatu huku na tatu kule. "Hapa pananitosha. Na kivuli, na bomba."

Niliona haya, kwa sababu nimekulia karibu na Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale. Mji wa Kale umekuwa ukichanganya biashara na makazi tangu zamani: duka chini, watu juu, baraza nje ya kuketi na kupokea wageni. Tulifuta maduka manne, tukaweka vyumba vya mita 3 kwa 3, na baraza refu lililofunikwa mbele yake. Vyumba vidogo ndivyo vilivyojaa kwanza.

Si kila kitu huchanganyika. Mafundi wa kuchomelea hawawezi kukaa chini ya chumba cha kulala mtoto, lakini kuwafukuza pia ni makosa, maana wao ndio mtaa wenyewe. Tuliwabakizia godauni moja zima, kuta zake nene, lango likielekea njia ya malori, na ofisi zikakaa kati yao na nyumba. Kule Granville Island, Vancouver, soko na kumbi za sanaa zimeishi kwa miaka mingi ubavuni mwa kiwanda cha zege kinachoendelea na kazi.

Juu sina mengi. Madirisha yapokee kusi na kaskazi, nondo zifunikwe zege la kutosha kwa sababu ya chumvi, na mchanga wa pwani usiguse zege lako.

Yule mama hakuchukua chumba nilichomchorea kando ya maji. Alichagua cha pembeni, tuktuk zinapopakia, na alasiri foleni yake hufika hadi kwenye baraza. Siku hizi nikipewa kiwanja kipya, wiki ya kwanza sichori. Naketi pale na daftari, naandika nani anapita, saa ngapi, na amebeba nini.