Muuguzi Anajibu: Vidonda vya Tumbo na Uvimbe Sugu wa Matumbo

SWALI: Muuguzi, pole na kazi. Baba yangu alipimwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, akaonekana ana kidonda kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, na ana bakteria wa vidonda vya tumbo. Amepewa dawa za wiki mbili. Ndugu wananisisitizia nimpe maziwa kila tumbo linapomuuma na nimpigie marufuku pilipili maisha yake yote. Nimuuguzeje?

JIBU: Ahsante, mwanangu, na umpe baba pole. Suala la pilipili nitalimaliza haraka: haisababishi kidonda. Ikimuunguza aiache, isipomuunguza, hakuna haja ya kugombana naye mezani. Maziwa humtuliza kwa muda mfupi tu, kisha tumbo huzalisha asidi zaidi, kwa hiyo usiyageuze kuwa dawa. Chanzo cha vidonda vingi ni bakteria Helicobacter pylori, ambaye ugunduzi wake uliwapatia Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au ni matumizi ya dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Muulize baba bila kumlaumu kama humeza vidonge vya mgongo au magoti, kwa sababu wazee wengi hawavihesabu kuwa dawa na hawamtajii daktari. Iwapo anameza aspirini kwa ajili ya moyo, msiikatishe wenyewe. Mwambieni daktari aliyemwandikia.

Kazi yako kubwa iko kwenye ratiba ya dawa. Dawa ya kupunguza asidi, kwa mfano omeprazoli, humezwa takriban nusu saa kabla ya chakula, wala si pale maumivu yanapoanza. Antibiotiki zitamletea ladha mbaya mdomoni, kichefuchefu, pengine na kuharisha kidogo, na maumivu yatapungua kabla dozi haijaisha. Hapo ndipo wagonjwa wengi huacha dawa, bakteria waliobaki wakawa sugu. Akiharisha sana au akitokwa na vipele, wasilianeni na kituo badala ya kunyamaza na kuacha dawa. Baada ya dozi arudi kupimwa pumzi au kinyesi, angalau wiki nne tangu amalize antibiotiki na wiki mbili tangu asimamishe dawa ya asidi, la sivyo majibu yanaweza kuonyesha kwamba amepona ilhali bakteria bado wamo. Kama anavuta sigara, kidonda chake kitachelewa kufunga.

Sasa lililo muhimu kuliko yote: mwombe akuambie rangi ya choo chake, hata kama ataona haya. Kinyesi cheusi, kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, ni damu iliyopita tumboni. Vidonge vya madini ya chuma na dawa za bismathi navyo huleta weusi, lakini haviambatani na kizunguzungu, jasho la baridi wala mapigo ya moyo yanayokwenda mbio. Mapigo huanza kupanda kabla shinikizo la damu halijashuka, kwa hiyo usipumbazwe na kipimo cha shinikizo kilicho sawa. Akitapika damu au vitu vinavyofanana na unga wa kahawa, au akishikwa ghafla na maumivu makali na tumbo likakakamaa kiasi kwamba hataki kuguswa wala kujigeuza, usimpe chochote mdomoni, hata maji. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Nimekabidhiwa kijana mwenye kolaitisi ya vidonda, yaani uvimbe sugu wa utumbo mpana wenye vidonda, anayepata choo chenye damu zaidi ya mara sita kwa siku. Utunzaji wake unatofautianaje na wa mwenye vidonda vya tumbo?

JIBU: Unatofautiana tangu kwenye mzizi. Hapa kinga ya mwili yenyewe inaushambulia utumbo, na dozi ya wiki mbili haiuondoi ugonjwa. Unatulia na kuibuka tena. Kolaitisi ya vidonda huanzia kwenye rektamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na kupanda juu, ikigusa utando wa ndani, ilhali ugonjwa wa Crohn, ambao nao ni uvimbe sugu wa matumbo, unaweza kutokea popote kati ya mdomo na njia ya haja kubwa na kupenya ukuta mzima wa utumbo.

Choo chenye damu mara sita au zaidi, pamoja na mapigo yanayozidi 90 kwa dakika au joto linalozidi nyuzi 37.8, ni dalili ya shambulio kali, na daktari lazima aarifiwe. Katika chati usiandike tu kwamba ameharisha: andika saa, kiasi, damu, kamasi, na kama aliamshwa usiku. Mpime uzito kila siku, linganisha maji yanayoingia na yanayotoka, na ufuatilie potasiamu, madini ya damu yanayopotea kwa kuharisha. Usishawishike kumwombea dawa ya kufunga kuharisha, kwani katika shambulio kali inaweza kuchangia utumbo mpana kufura hadi kupasuka. Tumbo likianza kujaa huku safari za chooni zikipungua ghafla, hiyo si nafuu. Wagonjwa hawa huganda damu miguuni kwa urahisi, hivyo uliza kuhusu sindano ya kuzuia kuganda, ambayo mara nyingi hutolewa hata kama kinyesi kina damu.

Mlaze karibu na choo. Naona jambo hili halipewi uzito wodini, ilhali kijana wa umri wake anaweza kukataa kula kwa kuogopa kujichafua mbele za watu. Baada ya kila haja asafishwe kwa maji ya uvuguvugu, ngozi ikaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha ipakwe krimu ya kinga. Akiruhusiwa kwenda nyumbani na prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe kwa kushusha kinga, mweleze kwamba dozi hupunguzwa hatua kwa hatua na kamwe haikatishwi kwa siku moja, hata akijisikia mzima kabisa, na kwamba homa yoyote wakati anatumia dawa za kushusha kinga inamrudisha hospitali.

SWALI: Je, mgonjwa wa aina hizi mbili ameze nini kichwa kikimuuma?

JIBU: Parasetamoli, kwa dozi iliyoandikwa kwenye pakiti, isipokuwa kama ana ugonjwa wa ini, huyo amuulize daktari kwanza.