Kwa nini bei ya hatifungani yako imeshuka

Dada yangu wa Masasi, umeuliza kwa nini hatifungani ya Serikali (hati ya kuikopesha Serikali fedha kwa riba) uliyoinunua kwa fedha za korosho sasa inatakiwa kwa bei ya chini kuliko uliyolipa, ilhali riba yako inaingia bila kukosa.

Riba hiyo, iitwayo kuponi, ilifungwa isibadilike tangu siku ya mnada wa hatifungani; hivyo minada mipya ya hatifungani inapotoa riba kubwa zaidi, mnunuzi hataichukua ya kwako mpaka uipunguze bei kiasi cha kumfidia tofauti. Chukua hatifungani ya shilingi 10,000,000 yenye kuponi ya asilimia 10 kwa mwaka, inayolipwa kila miezi sita, wakati soko linadai asilimia 12: ikibakiza miaka 20 kuiva, yaani kufika siku ya kurejeshewa fedha, thamani yake ni takriban shilingi 8,495,000, lakini ikibakiza miaka 2 tu ni takriban 9,653,000, kwa kuwa mnunuzi atavumilia upungufu huo kwa muda mfupi. Riba za soko zikishuka, bei hupanda.

Ninakusihi usiuze kwa hofu, kwani ukiishikilia hadi iive utalipwa thamani yake kamili. Ila fedha ya kununulia salfa ya kupulizia mikorosho msimu ujao, hiyo usiifunge kamwe kwenye hatifungani ya muda mrefu.