Morse ya taratibu au WSPR kwenye 136 kHz?

Mkuu, umeuliza ukiwa hapo Uyole na waya mfupi wa antena uanze na Morse ya taratibu (nukta na mistari inayotumwa polepole sana) au WSPR (kompyuta inatuma na kupokea ujumbe mfupi wa ishara dhaifu) kwenye bendi ya redio ya ridhaa ya 136 kHz, mi nakwambia anza na WSPR. Wimbi la pale lina urefu wa kama mita 2200, so antena yoyote utakayofunga kwenye mikaratusi itakuwa fupi tu, nguvu nyingi inaishia kwenye koili na ardhini. WSPR inarusha chini kidogo ya dakika 2, kompyuta inachambua yenyewe hata ishara iliyozama kwenye kelele, ila saa ya laptopu iwe sahihi kabisa, ikipishana sekunde kadhaa hupati kitu.

Sasa mvua zikianza na radi zetu hizi za Mbeya, Morse ya taratibu ina raha yake aisee, unaisoma kwa macho kwenye skrini, radi zinachora michirizi lakini jicho linaunga herufi iliyokatika, WSPR ikiharibika sana inakunyima yote. Tabu ni muda, nukta ikiwa ya sekunde 60 basi ile 5 ya 5H, mwanzo wa jina la kituo cha redio cha Tanzania, peke yake ni dakika 9, nukta tano na nafasi nne kati yake! Kusikiliza anza hata leo usiku, kurusha hakikisha kwanza leseni yako ya TCRA inaruhusu bendi hiyo.