Piezo kwenye daraja la gitaa la besi: anza na priampu, keekee baadaye

Wengi wanaoniuliza kuhusu kufunga pikapu ya piezo (kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme) kwenye gitaa la besi huanza na daraja, yaani kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye bodi. Ninunue la Fishman? Niweke sadeli, vile vipande vidogo vya daraja ambavyo kila uzi unalalia, za Ghost za Graph Tech? Au nibandike tu kile kisahani cha buzeri, cha kutolea mlio kwenye vifaa vya umeme, chini ya bamba la daraja, yaishe? Ni maswali mazuri, ila yanakuja baada ya jingine: umeme ukishatoka kwenye piezo, unaingia wapi? Nimefunga piezo kwenye besi yangu isiyo na freti (vile vyuma vya kukata shingo) na kwenye magitaa ya wenzangu, na daraja la bei nafuu lenye priampu nzuri, yaani saketi ndogo inayopokea umeme wa pikapu kabla ya amplifaya, limenipa sauti bora kuliko daraja ghali lililounganishwa moja kwa moja na nobu ya volyumu.

Pikapu ya kawaida ni sumaku iliyozungushiwa waya maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme unazaliwa. Piezo haihitaji chuma. Ni kipande cha kauri au fuwele ambacho kikibanwa kinatoa umeme, jambo ambalo ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha mwaka 1880. Ndiyo maana besi yenye piezo inalia hata ukiifunga nyuzi za nailoni, ambazo pikapu ya sumaku isingezisikia kabisa. Tatizo ni kwamba kwa macho ya fundi wa umeme, kipande hicho ni kapasita ndogo, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, na kapasita ikikutana na ukinzani inakuwa kichujio kinachokata sauti nzito. Sasa wewe unapiga besi!

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme piezo yako ina nanofaradi 1. Ukiiunganisha na nobu ya volyumu ya kiloomu 250, kama zilizomo kwenye besi nyingi, kila kitu kilicho chini ya takriban Hz 640 (mitikisiko 640 kwa sekunde) kinaanza kupungua. Uzi wa E ulioachwa wazi ni Hz 41. Yaani umetupa sehemu kubwa ya uzito wa noti na kubaki na mikwaruzo ya vidole. Ukiipeleka kwenye amplifaya yenye ingizo la megaomu 1, mpaka unashuka hadi Hz 160 hivi. Afadhali, lakini bado ni juu sana. Ukiweka priampu yenye ingizo la megaomu 10, mpaka unafika Hz 16, na hapo hata uzi wa B wa besi ya nyuzi tano, wenye Hz 31, unapita salama. Anayekwambia piezo haina sauti nzito, muulize kwanza aliichomeka kwenye nini.

Kwa hiyo priampu ikae ndani ya gitaa, karibu na daraja. Si suala la sauti nzito peke yake. Kebo ya gitaa nayo ina kapasitansi yake, mara nyingi karibu pikofaradi 100 kwa kila mita, na piezo isiyo na priampu inalazimika kugawana umeme wake mdogo na kebo yote. Kadiri kebo inavyorefuka, sauti inapungua. Bafa ndogo, yaani priampu sahili isiyoongeza sauti, ya transista moja ya aina ya JFET na betri ya volti 9 inatosha kuondoa tatizo hilo, na ukijua kulehemu unaweza kuijenga mwenyewe kwenye kibao kidogo.

Sasa tuje kwenye daraja. Vile visahani vya buzeri vya milimita 27 ni rahisi kupatikana na vinafaa kwa majaribio: bandika kimoja kwenye bodi kwa tepu ya pande mbili, chomeka kwenye priampu, usikilize. Utakachosikia kwenye bodi ya mbao nzito isiyo na uwazi ni zaidi mguso wa mkono, kishindo cha kidole gumba na kebo ikigonga bodi, kuliko uzi wenyewe. Wengine hukiweka chini ya bamba la daraja. Mimi siwashauri. Kauri ile ni nyembamba na inapasuka ikibanwa vibaya, na usipochimba mahali pa kukilaza, bamba linabaki limeinuka upande mmoja. Kwa gitaa la bodi nzito chaguo langu ni sadeli zenye piezo ndani, kila uzi na yake, kwa sababu kauri inakaa pale pale uzi unapokandamiza.

Kabla ya kununua, pima. Umbali wa kutoka uzi hadi uzi kwenye daraja, ambao kwa besi nyingi za nyuzi nne ni karibu milimita 19; nafasi za matundu ya skrubu; na urefu wa sadeli, maana sadeli mpya ikiwa juu kuliko ya zamani utalazimika kurekebisha pembe ya shingo. Kama unapata sadeli zinazoingia kwenye bamba ulilonalo, utajiepusha na kuziba matundu ya zamani.

Kazi ya kutoboa inatisha watu kuliko inavyostahili. Kila sadeli ina kebo nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, na zote zinatakiwa kufika kwenye chumba cha nobu. Fungua daraja na utazame chini yake. Kwenye besi nyingi utakuta tayari kuna waya wa ardhi unaotoka kwenye chumba hicho na kuishia chini ya bamba. Tundu lake ndilo mwongozo wako. Chomoa waya, lipanue tundu kwa keekee ndefu ya milimita 5 au 6, polepole, ukifuata mwelekeo ule ule. Zungushia tepu ya karatasi kwenye keekee kuonyesha kina cha mwisho, na mtu mwingine akushikie gitaa. Usisukume, iache keekee ijilie mbao yenyewe.

Halafu kuna jambo dogo linaloharibu kazi nzuri. Kebo zile zikibanwa kati ya bamba na mbao, zitakuwa na kelele daima: kila ukipumzisha kiganja kwenye daraja, spika inanguruma. Chimba mfereji mwembamba chini ya bamba ili zilale bila kuguswa. Ukisharudisha bamba, kabla ya kufunga nyuzi, vuta kila kebo kidogo kutoka upande wa chumba cha nobu. Inayosogea ni huru. Inayogoma imebanwa, fungua tena.

Usisahau kuurudisha ule waya wa ardhi. Weka mita ya umeme kwenye alama ya kupima mwendelezo, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye kola ya soketi ya jeki, yaani mguso wake wa ardhi. Isipolia, nyuzi zako hazijaungana na ardhi na pikapu za sumaku zitavuma hata ukizigusa nyuzi. Na kwa kuwa piezo inadaka mvumo kirahisi, chumba chote cha nobu kifunikwe kwa tepu ya shaba iliyounganishwa na ardhi. Ukilehemu, lehemu upesi. Joto likikaa sana kwenye kauri linaidhoofisha, na haitapona.

Betri inahitaji swichi, na swichi ya bei rahisi ni soketi ya stereo: hasi ya betri inaunganishwa kwenye mguso wa kati, jeki ya kawaida ikiingia inaugusisha na ardhi, priampu inawaka. Ukichomoa, inazima. Ila kama unataka piezo na sumaku zitoke kwa njia mbili tofauti kupitia kebo moja ya stereo, mguso ule umeshapata kazi nyingine, kwa hiyo tafuta soketi yenye swichi yake ya ziada.

Kuchanganya pikapu mbili ndiko kunakoleta raha, na ndiko watu wanakokwama. Usiziunganishe kwenye nobu moja bila bafa, kwani pikapu ya sumaku ina impidensi (ukinzani kwa umeme wa sauti) ndogo mno na itaimeza piezo. Kila moja ifike kwenye mchanganyo kupitia bafa yake. Kisha sikiliza. Piga uzi wa E, anza na sumaku peke yake, ongeza piezo taratibu. Sauti ikinenepa, uko sawa. Ikikonda na uzito kutoweka, basi moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Geuza nyaya mbili za pikapu ya sumaku, mradi kava lake la chuma halijaunganishwa na waya wa ardhi, au tumia swichi ya fezi, ya kugeuza mwelekeo huo, kama priampu yako inayo.

Ukikuta uzi mmoja unanong'ona na mwingine unapiga kelele, usikimbilie kulaumu sadeli. Mara nyingi skrubu moja kati ya zile mbili za kuinulia sadeli haijagusa bamba, na uzi unaegemea upande mmoja. Zikaze zote mbili hadi zikae sawa, ubonyeze uzi kwa kidole mbele na nyuma ya sadeli, usikilize tena. Nimeona sadeli zikirudishwa dukani kama mbovu wakati kilichotakiwa ni robo mzunguko wa ufunguo wa aleni.

Kuhusu sauti yenyewe, mtu asikudanganye kwamba besi yako itageuka kontrabasi, ile besi kubwa ya mbao inayopigwa ikiwa wima. Ukipiga kwa nguvu utasikia ukali fulani wa plastiki kwenye sauti za kati na juu, na nyuzi zilizozungushiwa waya wa duara zinatoa mikwaruzo mingi sana. Nyuzi zilizozungushiwa waya bapa zinatuliza mambo, na besi isiyo na freti ndiyo inayofaidika zaidi. Kwenye amplifaya kata kila kitu kilicho chini ya Hz 30 au 40, kwa sababu piezo inasikia hata mitikisiko usiyoisikia wewe, nayo inazichosha spika bure. Mimi huacha sumaku ibebe uzito, piezo naiweka kama theluthi moja tu, na nobu yake ya sauti za juu naishusha karibu nusu. Kwa slepu, yaani kupiga nyuzi kwa kugonga kidole gumba, naifunga kabisa.