Namba inasema 68, mtoto wa miezi saba hajitikisi

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa usingizi, hospitali ya wilaya. Tumeletewa mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo, ile ya kibandiko cha paji la uso. Tumeambiwa namba ibaki kati ya 40 na 60; ikipanda, mgonjwa anakaribia kuamka. Juzi nilimlaza mtoto wa miezi saba, upasuaji wa ngiri, gesi ya usingizi ya sevoflureni asilimia 2.5. Hakujitikisa, lakini namba ikasimama 68. Nikaongeza gesi, presha ikashuka. Je, alikuwa anasikia?

Jibu: Marahaba. Hujaniambia jambo moja: ulimpa dawa ya kulegeza misuli? Kama hukumpa, kule kutojitikisa kwake wakati kisu kinapita kuna uzito kuliko hiyo 68. Kama ulimpa, utulivu wake si ushahidi wa chochote. Katika uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2014, wa wagonjwa wa rika zote, taarifa za kuzinduka ndani ya nusu kaputi zilikuwa kama 1 kwa 8,000 kwa waliolegezwa misuli, na 1 kwa 136,000 kwa wasiolegezwa.

Namba yenyewe ilitengenezwa kwa mawimbi ya ubongo wa watu wazima. Chini ya mwaka mmoja mimi siifuati. Hata kwa wakubwa, dawa ya usingizi ya ketamini huipandisha namba hiyo mgonjwa akiwa amelala fofofo. Kuikimbiza mpaka presha ya mtoto mchanga ianguke ni hatari kubwa kuliko namba.

Tazama gesi. Hiyo 2.5 uliisoma kwenye kitufe cha kuzungusha cha mashine ya gesi au kwenye pumzi anayoitoa mtoto? Barakoa ikivuja, hizo ni habari mbili tofauti. Kwa umri wake, 2.5 kwenye pumzi ndicho kiwango ambacho nusu ya watoto hawajitikisi wakikatwa (mtu mzima ni karibu 2), na fahamu hupotea kabla ya kufika hapo. Ikibaki juu ya 1.8 hivi, mimi natulia.

Anayeweza kuongea, muulize baadaye: cha mwisho unachokumbuka kabla ya kulala ni nini? Cha kwanza ulipoamka? Na katikati? Rudia kesho yake. Mtoto wa miaka sita aliwahi kunijibu, "Nilisikia mnahesabu pamba." Pamba huhesabiwa mwishoni, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupunguza gesi. Siku hizi naiacha mpaka bandeji ikae.