Semina peke yake haiongezi wanawake katika uongozi wa hoteli

Wapo wanaoamini kwamba semina ya lazima kwa mameneja wa hoteli itatosha kuongeza wanawake katika uongozi. Hapana ndugu, kuwalazimisha mameneja wahudhurie semina ya usawa wa kijinsia, hata ikirudiwa kila mwaka, hakutoshi kuwapandisha wanawake hadi nafasi za uongozi. Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, walichunguza sehemu za kazi 708 za sekta binafsi kwa takwimu za mwaka 1971 hadi 2002, wakaona kwamba mafunzo ya kupunguza upendeleo yalikuwa miongoni mwa hatua zenye matunda haba kabisa, ilhali mabadiliko makubwa yalipatikana pale ofisa au kamati maalumu ilipokabidhiwa dhamana ya jambo hilo na kuulizwa matokeo yake. Hata hivyo semina si za kutupwa, kwani zilifaa zaidi katika kampuni ambazo tayari zilikuwa na mwenye dhamana huyo.

Takwimu hizo ni za Marekani, nazo hazihusu moja kwa moja hoteli zetu za Nungwi au Paje. Hapa Zanzibar ubaguzi kazini umekatazwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, lakini katazo ni jambo moja, na kumpata mtu wa kufuatilia nani anapandishwa cheo na nani anaachwa ni jambo jingine. Mimi ningemtaka mtu huyo aanze na usafiri wa zamu za usiku, ili mwanamke asikose zamu hizo, na cheo pamoja nazo, kwa kukosa njia ya kurudi nyumbani, kabla ya kuandaa semina yoyote.